Mizizi Aliyoing'oa Mize

Paukwa!
Pakawa.
Pakawa nini?
Pakawa tope, sogeeni msikie.

Hapo kale, kando ya hori moja, ule mkono wa bahari uingiao nchi kavu, aliishi fundi wa chubwi, zile risasi za kuzamishia nyavu. Masalia yake yote aliyamwaga horini. Kaa wakafa, mikizi wakafa, korongo wakahama. Mboga Pwani, ule mmea mnene wa kwenye maji chumvi, akaona huruma. Akaivuta sumu ya risasi mizizini, akaifunga kwa kutu nyekundu, tope likatulia. Akawaambia wanawake, "Majani chumeni, mizizi niachieni."

Miaka ikapita, fundi akafa. Agizo likabaki, sababu yake ikasahaulika.

Sasa kulikuwa na mjane, Mize, na mwanawe mmoja tu, Siwema. Siwema akashika mimba baada ya miaka saba ya ndoa na ya kusemwa kisimani, na msijifanye hamjui kisima kina midomo. Mimba ikataka chaza. Na kule waliamini mimba ikinyimwa, mtoto huzaliwa anadondosha udenda. Mize mjukuu wake achekwe? Hata.

Chaza wanono walikaa chini ya mizizi ya Mboga Pwani. Mize akainama, akang'oa shina la kwanza.

"Mize, mizizi niachie."

"Nikuachie, Siwema ale nini?"

Mwezi wa pili akang'oa tena.

"Mize, mizizi niachie. Nimeshika kitu."

"Shika sana. Mimi nina mjukuu njiani."

Mwezi wa tatu akang'oa pote. Maji yakawa mekundu, kisha meusi. Mboga Pwani akasema polepole, "Nilikuwa nashika kwa ajili ya huyo mjukuu."

Siwema akala chaza wa maji yale, akasifu, akaomba tena. Kisha tumbo likaanza kumkata. Mtoto akazaliwa mzuri, vidole kumi, nywele tele. Udenda hakuwa nao. Pumzi pia hakuwa nayo.

Mize akamweleza mwanawe yote, hakuficha. Kesho yake Mize akapiga magoti topeni, akaanza kupanda vikonyo vya Mboga Pwani, kimoja kimoja. Siku ya tatu Siwema akaja na vikonyo vyake. Hakumwamkia mamake. Akaanza kupanda upande wa pili.

Wakapanda mpaka wakakutana katikati. Hapo ndipo walipolia.

Tope limetulia, lakini Mboga Pwani hajasema tena.

Hadithi nimeitua hapa, ibebeni. Kabla hujang'oa, uliza kimeshika nini. Na atakayesema nimetia chumvi, akumbuke chumvi niliikuta horini.