Zamu ya Adhuhuri

Wazee wetu walisimama visimani wakaona jambo. Kamba ni laini, jiwe ni gumu, na mtu yeyote mwenye akili zake ataapa kwamba jiwe halina la kuogopa. Lakini kamba ile ile inayopandisha ndoo asubuhi na jioni, mwaka nenda mwaka rudi, mwishowe huchimba mfereji kwenye ukingo wa kisima. Ndipo wakasema, papo kwa papo kamba hukata jiwe. Wasiosadiki methali hii ni wengi, na mmoja wao alikuwa Heriel, muuza vyombo wa Kariakoo.

Heriel alikuwa Mchagga wa Machame aliyeshuka Dar es Salaam akiwa kijana, akafungua duka la sufuria, ndoo na hotipoti katika Mtaa wa Narung'ombe. Kwa maneno ya biashara hakuwa na mpinzani. Mteja aliyekuja kuulizia mwiko alitoka na seti nzima ya sufuria, tena akishukuru. Lakini ajabu ya Mungu, mtu huyo huyo akiambiwa, "Baba, tuombee," ulimi uligoma! Jumapili alikuwa kanisani, besi yake ikitikisa madirisha. Ila jumuiya ilipokutana nyumbani kwake Magomeni na zamu ya kuomba ikamkaribia, ghafla simu yake "iliita", naye akatoka nje mbio. Mkewe, Mama Evelyn, alikwisha kuzoea kuimalizia sala yeye, huku akimkata jicho mumewe kupitia dirishani.

Siku moja binti yao Evelyn, aliyekuwa amechumbiwa, alimfuata baba yake sebuleni.

"Baba, kwenye sendofu yangu mchungaji atakuwepo. Lakini sala ya kuniaga nataka uiongoze wewe."

"Mimi? Mwanangu, si kuna watu wa kazi hiyo?"

"Sijawahi kukusikia ukiniombea, Baba. Hata mara moja. Sitaki kuondoka nyumbani hivyo."

Maneno yale yalimchoma Heriel moyoni. Alijua binti hakuomba makuu, na alijua vilevile kwamba yeye baba mtu hana cha kumpa. Sendofu, yaani sherehe ya kumuaga bibi harusi kwao, ilikuwa imebakiza miezi michache.

Mfanyabiashara akiishiwa mzigo huagiza kontena, na Heriel aliamua kuuagiza uchaji Mungu kwa kontena. Alitangaza mfungo wa wiki nzima, akaapa kuimaliza Biblia kutoka Mwanzo hadi Ufunuo kabla ya Jumapili, akakariri maneno mazito ya wahubiri wa redioni. Alifika kwenye safina ya Nuhu, akasinzia. Njaa nayo ikampanda kichwani. Mama mmoja akabishia bei ya hotipoti, Heriel akamfokea mpaka wapita njia wakasimama kutazama. Haukupita muda Mama Evelyn akamkuta dukani nyuma ya majaba ya maji, anatafuna chapati.

"Baba Evelyn, mfungo umekwisha?"

"Nimeuahirisha," alijibu, mdomo umejaa.

Alicheka, lakini moyoni alikuwa amekata tamaa kabisa. Alianza kutafuta namna ya kumwambia Evelyn kwamba mchungaji ndiye atakayeomba.

Duka lililopakana na lake lilikuwa la Abbasi, mtu wa Pwani, muuza mashuka. Kila adhana ya adhuhuri ilipolia, Abbasi aliweka stuli mlangoni na kumwambia Heriel kwa jina wanalotaniwa Wachagga mjini, "Mangi, nitazamie duka," kisha akaenda msikitini. Siku hiyo Heriel alimzuia.

"Hebu niambie, jirani. Kila siku unakwenda, huchoki?"

"Nachoka sana!" Abbasi aliangua kicheko. "Kuna siku mwili uko msikitini, moyo uko bandarini kwenye mzigo. Lakini nikishakwenda, moyo hunifuata. Tena mimi sikuanza jana, Mangi. Marehemu baba alinivuta sikio tangu utotoni. Wewe unataka kufika kilele cha mlima wenu kwa kuruka kichurachura?"

"Sasa nifanyeje?"

"Sala zenu mimi sizijui. Ila nikuulize: ninapokwenda kuswali, wewe hapo unafanya nini?"

"Nachezea simu."

"Basi anzia hapo," alisema Abbasi, akashika njia yake.

Kesho yake adhana ilipolia, Heriel aliitia simu kwenye droo, akapindua ndoo na kuikalia katikati ya maduka mawili. Alisoma zaburi fupi. Kisha akatazama kushoto na kulia kama mtu anayetaka kuiba, akanong'ona, "Bwana, ni mimi, Heriel. Asante kwa leo. Amina." Masikio yalimwaka moto kwa aibu. Hiyo ndiyo ilikuwa sala yake yote.

Hata hivyo alirudia siku iliyofuata, na iliyofuata tena. Siku moja msukuma mkokoteni alimkatiza, "Mzee, sogeza ndoo nipite!" Akasogea, akaendelea alipoishia. Kidogo kidogo akaongeza mengine. Asubuhi, akishafungua makufuli, kabla hajapanga sufuria hata moja nje, aliikabidhi siku kwa Mungu. Jioni baada ya chakula, yeye na mkewe walikaa kutaja mambo ya kushukuru.

"Nashukuru kwa chakula," alisema Heriel jioni ya kwanza.

"Chakula nimepika mimi. Tafuta kingine!"

Zilikuwepo siku alizosahau, hasa mzigo mpya ulipoingia. Zamani angesusa yote na kurudi kwenye simu yake. Safari hii alirudi kwenye ndoo kesho yake kama kawaida. Yule mama wa hotipoti alipopita tena mtaani, Heriel alimkimbilia mwenyewe na kumwomba radhi. Wateja wakaanza kuulizana kama duka limepata mwenyewe mpya.

Wiki ya sendofu, Evelyn alitokea dukani adhuhuri, macho mekundu. Abbasi alikuwa ameshakwenda msikitini. Mtaa ulikuwa umechangamka, vipaza sauti vya wamachinga vikishindana kutangaza bei.

"Una nini, mama?" Heriel alimuuliza binti yake.

"Naogopa, Baba. Watu wote wanafurahi, mimi silali. Nakwenda Mwanza ambako simjui mtu. Na kama ndoa ikinishinda? Nataka kumwambia mwenzangu tuahirishe."

Mwaka uliopita Heriel angemnunulia soda na kumwambia ampigie mama yake. Sasa alimkalisha, akamshika mikono, akafumba macho kabla hajafikiri.

"Bwana," alisema, kwa sauti yake ya siku zote, "huyu ndiye Evelyn ninayekutajia hapa kila adhuhuri. Leo amekuja mwenyewe. Anaogopa. Mimi nami naogopa, maana nyumba itakuwa kimya. Lakini Mwanza nako upo. Mpe ujasiri wa kesho, na keshokutwa umpe tena. Amina."

Evelyn alifumbua macho, akamtazama baba yake kwa mshangao.

"Baba... kila adhuhuri?"

"Kila adhuhuri. Isipokuwa siku za mzigo, mama, sitakudanganya."

Evelyn alicheka huku machozi yakimtiririka, akamkumbatia baba yake kwa nguvu. Habari ya kuahirisha haikutajwa tena. Abbasi aliporudi aliwakuta wote wawili wanalia katikati ya sufuria.

"Kulikoni, Mangi? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba, jirani! Kuna sendofu, na ole wako usije!"

Siku ilipofika, ukumbi ulijaa. Evelyn alipiga magoti mbele ya baba yake, naye Heriel akapokea kipaza sauti, akaomba kwa maneno machache ya kawaida, kama mtu anayezungumza na mtu aliyemzoea. Ukumbi mzima uliitikia amina, na Abbasi alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

"Wifi," dada yake Heriel alimnong'oneza Mama Evelyn, "kaka yangu alikuwa bubu wa sala. Nani kamfungua ulimi?"

Mama Evelyn alifuta machozi kwa ncha ya kitenge, akatabasamu.

"Hakuna aliyemfungua, wifi. Ameomba leo, akaomba kesho, mpaka ulimi umelegea wenyewe. Papo kwa papo kamba hukata jiwe."