Pikapu ya Bibi Sekela na Kona Tatu

Mwenye sufuria motoni aiepue, na anayesinzia aguswe bega, maana hadithi hii haiwezi kuisha mpaka wasikilizaji waimalize wenyewe.

Walikuwepo ndugu watatu waliolelewa na bibi yao, Bibi Sekela, katika bonde lenye baridi na ng'ombe wengi. Ambakisye, mkubwa wao, alijaliwa masikio. Ng'ombe akikohoa zizini, alijua ni yupi kabla hajatoka kitandani. Asajile, wa pili, alijaliwa mikono. Aligusa chungu kwa nje akakuambia maharage yamebakiza kuni ngapi. Na Tusekile, kitinda mimba, alijaliwa pua. Maziwa yakianza tu kufikiria kuchacha, yeye alikuwa ameshakunja uso.

"Hiyo pua itakukosesha mume," Asajile alizoea kumtania. "Nani anataka mke wa kumnusa alikopitia?"

"Atakayeogopa pua yangu atakuwa na sababu yake," Tusekile alijibu.

Babu yao alipofariki aliacha pikapu kuukuu. Kila asubuhi ilibeba maziwa ya bonde zima, ikapanda nayo mlima Nsongola hadi kwenye kituo cha kupozea. Lakini mwaka baada ya mwaka pikapu ilizidi kuchoka. Ilitweta, ikakohoa, ikazimika njiani, na maziwa ya watu yakamwagwa mtaroni. Fundi wa mjini aliinama chini ya boneti, akainuka, akasema dawa ni injini mpya tu. Injini mpya nyumba ile isingeipata hata kwa kuuza zizi na ng'ombe waliomo. Kilichokuwepo ni bisibisi, koleo, na mpira wa ndani wa baiskeli mbovu.

Kisha wafugaji wakatuma neno: gari likishindwa mara moja zaidi, njia ya maziwa atapewa mtu mwingine.

Asubuhi hiyo Bwana Chengula, mnunuzi wa chuma chakavu, alikuja na lori lake na kuliegesha chini ya mlima. Bibi Sekela mwenyewe ndiye aliyemwita.

"Ikishindwa leo, ichukue hapo hapo itakapokwama," alimwambia. Kisha akawageukia wajukuu wake, akawaonyesha ufunguo. "Na atakayeifikisha juu, gari ni lake na njia ya maziwa ni yake. Nimechoka kuona watu wakimwaga jasho lao mtaroni. Pandeni."

Ambakisye akashika usukani. Tusekile akakaa katikati, Bibi akakaa dirishani. Asajile akabaki nyuma na keni za maziwa, akiwa amekumbatia gogo la kuzuia tairi. Lori la Chengula likawafuata nyuma, polepole, kama fisi anayemfuata ng'ombe mgonjwa.

Walipofika kona ya kwanza, pikapu ikagoma. Injini ilinguruma lakini magurudumu yalijikokota. Asajile akaruka chini, akatupia gogo nyuma ya tairi. "Nzito!" alipaza sauti. "Kitu kinaivuta!"

"Ni uzee unaivuta," Chengula aliita kutoka dirishani. "Mwambieni dereva asiichoshe sana, naitaka ikiwa na nguvu ya kukatwa!"

Asajile akalikaza gogo. Akazunguka gari, akagusa gurudumu moja baada ya jingine. La kwanza lilikuwa la baridi, la pili la baridi, la tatu la baridi. Alipogusa la nne aliondoa mkono haraka, akaupuliza. Breki ilikuwa imeuma bila kukanyagwa. Akajilaza chini ya gari, matope yakamwingia shingoni, akapapasa waya wa breki ya mkono mpaka akapata pale kutu ilipoukamata. Akaugonga, akauvuta, akaugonga tena. Waya ukarudi nyuma. Gurudumu likaachiwa.

"Twende!" akasema, na gari likaondoka jepesi hata keni zikagongana.

Walipofika kona ya pili, injini ikaanza kutetemeka. Ikanguruma, ikanyamaza, ikanguruma, kisha ikazimika. Jua lilikuwa limeshafika kwenye kilele cha mlima, likishuka kuwafuata, na wote walijua kwamba likizigusa zile keni, maziwa hayatasubiri. Gogo likawekwa.

"Washa," Ambakisye akamwambia Tusekile. "Shikilia isizime."

Akafungua boneti, akafumba macho. Tusekile, mguu wake ukikanyaga pedali ya mafuta, alisikia kelele tupu. Lakini kaka yake alisikia ndani ya kelele ile kitu kingine, ssss, nyembamba kama mtu anayevuta hewa kwenye meno yaliyovunjika. Akafuata sauti kwa kidole mpaka kwenye bomba la mpira lililopasuka upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki. Injini ilikuwa ikiiba hewa pembeni. Akakata utepe wa mpira wa baiskeli, akauzungusha juu ya ufa, akaukaza kwa waya. Sauti ikafa. Injini ikatulia.

"Mnaona?" akasema akijipangusa. "Fundi alitaka tununue injini nzima."

"Endesha kwanza, utajisifu juu," Bibi akasema.

Kona ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote. Upande mmoja ukuta wa udongo, upande mwingine bonde, na chini kabisa mto unaosikika bila kuonekana. Hapo pikapu ikatoa moshi mweusi, ikapiga chafya, ikaanza kurudi nyuma.

"Gogo! Asajile, gogo!"

Asajile alilitupa, likateleza. Akalifuata, akalisukuma kwa bega. Gari likasimama tairi la nyuma likiwa karibu na ukingo, na keni moja ikalala, maziwa yakatiririka kwenye kokoto.

"Umeziba nini, kaka?" Asajile akafoka. "Kabla hujaziba ilikuwa inatembea!"

"Nimeziba tundu! Tundu halizibwi?"

Tusekile alikuwa ameshashuka. Aliusogelea moshi, akavuta pumzi, akakohoa. Ilikuwa harufu ya petroli mbichi, petroli iliyoingia na kutoka bila kuungua. "Haipati hewa," akasema. "Ilikuwa inaiba kwenye ule ufa. Sasa umeziba, haina hata ya kuiba."

Akainama chini ya boneti, akafuata harufu mpaka kwenye kopo la chujio la hewa. Na hapo mkono wake ukasita.

Mdomo wa kopo lile ulifungwa kitambaa. Zamani, barabara ilipokuwa ikichongwa, babu yao alichana kipande cha khanga ya mkewe akakifunga pale kuzuia vumbi. Babu alipofariki, Bibi Sekela hakukifungua. Kila mwaka, siku ya kumkumbuka, alifunga kipande kingine juu yake, na wajukuu walisimama kando ya boneti kama watu waliosimama kaburini. Hakuna aliyewahi kukigusa. Hata fundi wa mjini alikatazwa.

"Bibi," Tusekile akasema, "naomba nifungue."

"Hapo usiguse."

"Bibi, inakufa."

"Nimesema usiguse! Hicho ndicho kitu cha mwisho alichokifunga kwa mikono yake."

Chengula alikuwa ameshashuka na mnyororo wa kuvutia. Jua lilikuwa limefika kwenye ukuta wa udongo. Tusekile aliutazama mnyororo, akamtazama bibi yake, na macho yakamjaa machozi.

"Akija huyu ataikata yote, Bibi," akasema. "Na fundo la Babu atalikata."

Bibi Sekela akageuza uso, akatazama bondeni.

Tusekile akafungua. Kipande baada ya kipande, vumbi gumu likidondoka, mpaka kile cha ndani kabisa, cheusi, ambacho maua yake hayakuonekana tena. Akavikunja vyote, akavilaza kwenye mapaja ya bibi yake. Kisha akalikung'uta chujio kwenye jiwe na kulirudisha.

Ambakisye akawasha. Injini ikavuta pumzi ndefu, ikapiga mngurumo ambao Tusekile hakuwa ameusikia tangu alipokuwa mtoto. Moshi mweusi ukakatika. Pikapu ikashika barabara, ikapanda, na nyuma yao Chengula akabaki amesimama na mnyororo wake mkononi.

Geti la kituo lilikuwa bado wazi. Mpimaji akanusa, akapima, akatikisa kichwa kukubali.

Hapo Bibi Sekela akauchomoa ufunguo, akauweka juu ya mfuniko wa keni. "Ndaga, wajukuu zangu," akashukuru. "Sasa semeni, ni wa nani?"

"Ningeacha breki iume, tungeishia kona ya kwanza," Asajile akasema. "Na kona ya tatu tungekuwa mtoni. Tazameni bega langu."

"Ningeacha ule ufa, injini ingezimika kila hatua," akasema Ambakisye. "Na aliyeshika usukani kwenye ukingo ni nani?"

"Ninyi mligusa waya na mpira," Tusekile akasema polepole. "Mimi niligusa kile ambacho kila mtu aliogopa kukigusa. Kama ningekosea, Bibi asingenisamehe."

Bibi Sekela alitazama kitambaa cheusi kilichokuwa mkononi mwake, kisha akatazama ufunguo. Usukani ni mmoja, njia ni moja, na kesho alfajiri keni zitakuwa zimejaa tena zikisubiri dereva mmoja.

Haya, nyinyi mliopanda nao kona zote tatu: ufunguo ule bado uko juu ya mfuniko. Mngeuweka kwenye kiganja cha nani, na wale wawili wengine mngewaambia nini?