Kiti cha Pili cha Tumpe

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, wakati watu wameshaanza kutunga muziki kwa kompyuta, alikuwepo Tukuyu mwanamke aitwaye Tumpe. Mchana alishona sare za shule. Akimaliza, alitunga muziki. Si wa kuimbwa arusini, bali ule unaopigwa chinichini kwenye matangazo na filamu wakati mtu anaongea. Kampuni moja ya Dar es Salaam ilikuwa ikipokea muziki wa namna hiyo na kuukodisha kwa watengeneza matangazo.

Tumpe akamaliza kipande chake cha kwanza: marimba, zeze, ngoma, na juu yake sauti yake mwenyewe, dakika nne nzima. Akakipenda. Kisha akaogopa. Akaamua kutafuta watu wa kumwambia ukweli.

Alianza kwa Mwalimu Ambindwile, kiongozi wa kwaya kwa miaka ishirini na sita, mtu ambaye hajawahi kusifu kitu kisichokuwa chake. Mwalimu alisikiliza mara mbili, macho ameyafumba. Kisha akasema, "Sauti yako inagombana na mtangazaji ambaye hata hajaanza kuongea. Futa yote, binti. Rudi kwenye cherehani." Asichosema ni kwamba yeye mwenyewe alishapeleka vipande vitatu kwa kampuni ile, vyote vikarudishwa.

Tumpe alilia siku mbili. Siku ya tatu akaiondoa sauti yake. Kipande kikapumua.

Akaenda kwa jirani yake, Mama Tusajigwe, muuza ndizi, aliyekuwa amekaa kibarazani akichambua maharage. Akamvalisha vipokea sauti vya masikioni. Mama alitikisa kichwa kwa furaha, halafu kichwa kikaacha kutikisika, halafu kikainama. Alipoamka alisema, "Mwanangu, mwanzo ulinichangamsha. Hapo katikati nikasinzia. Muziki siujui, lakini usingizi naujua."

Tumpe akaikata sehemu yote ya katikati. Dakika nne zikawa mbili.

Sasa kipande kilikuwa kizuri, naye akakikalia. Miezi mitano kilikaa kwenye kompyuta, kila wiki akipata sababu mpya ya kutokituma. Mwishowe akamtumia Kefa, mtangazaji wa redio ya pale mjini, ambaye kwake kila msanii ni bora na kila wimbo ni moto. Jibu lilirudi kabla hata ya nusu dakika: "Moto, dada. Wewe ni wa kimataifa. Tuma leo leo."

Tumpe si mjinga. Alijua dakika mbili haziishi ndani ya nusu dakika. Lakini alikuwa hajawahi kuambiwa maneno kama yale, akayasoma mara kumi, na mchana uleule akatuma.

Baada ya wiki sita kampuni ikajibu. Wamekichukua. Kitapigwa chini ya tangazo la dawa ya mende. Wakaeleza walichokipenda: hakina sauti ya mtu, hakichoshi, na kiliwahi siku ya mwisho ya kupokea muziki mpya. Tumpe alikuwa amealikwa Dar es Salaam kwenye sherehe ya watunzi wapya, pamoja na mtu mmoja aliyemsaidia kukiboresha. Mtu huyo atapewa kiti kando yake, na jina lake litaandikwa chini ya la Tumpe.

Mtu mmoja.

Habari ikaenea, na Jumapili wote watatu walikuwa sebuleni kwa Tumpe, wamevaa vizuri kuliko walivyovaa kanisani.

Mwalimu akasema bila yeye sauti ile ingebaki, na kipande kingerudishwa. Kefa akasema bila yeye kisingetumwa kabisa. Mwalimu akamgeukia. "Kinaanza na chombo gani?"

"Ngoma," alijibu Kefa.

Kinaanza na marimba. Hata Mama Tusajigwe alitazama chini.

"Sawa, sikusikiliza," alisema Kefa. "Lakini wewe uliyesikiliza mara mbili ulimwambia akifute. Angekutii, leo tungekuwa tumekuja kufanya nini hapa?"

Mama Tusajigwe akasema mmoja wao ni mwongo na mwingine ana kijicho, na kwamba ni yeye peke yake aliyesema kilichompata. Mwalimu akacheka. Akamuuliza kama siku ile aliyosinzia hakuwa ametoka msibani Kiwira, alikokesha siku mbili akipika. Mama akakiri alikuwa ametoka huko. Akaulizwa basi ni muziki uliomlaza au ni uchovu.

"Sijui," alisema Mama. "Lakini hapo katikati palikuwa pabaya, au hapakuwa pabaya?"



Tumpe alikuwa na fomu mezani. Jina lake lilikuwa limeshaandikwa. Mstari wa pili ulikuwa mtupu, na kampuni ilitaka jibu kesho yake. Aliwatazama mmoja mmoja: aliyemsaidia huku akitaka kumvunja moyo, aliyemsaidia akiwa usingizini, na aliyemsaidia kwa uongo. Akachukua kalamu, akaandika jina moja. Wawili wakaondoka bila kuaga, na mpaka leo hawamsalimii.

Jina hilo mimi silitaji, maana kila nilipolitaja watu wamenishukia. Ninyi mmewasikia wote watatu. Kalamu ingekuwa mkononi mwenu, je, nani alistahili kiti kile?