Damu Iliyoulizwa Mahali Patatu

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, siku hizi hata zamani ina kompyuta, palikuwa na mafundi watatu: Mhina, Mwajabu na Sempombe. Kazi yao kuandika programu. Mimi shule niliishia la pili, lakini hili nimelielewa kuliko baba zenu wenye vyeti. Programu ni wajumbe. Kila mjumbe ana kazi moja. Unamwita, anakwenda, anarudi na jibu. Basi.

Hospitali ndogo ya kwao iliwaagiza programu ya kutafuta damu. Kabla ya hapo muuguzi alipiga simu hospitali ya kwanza, akangoja. Akiambiwa hakuna, alipiga ya pili, akangoja. Wagonjwa wengine hawakuwa na subira hiyo, wakafa.

Mafundi wakakaa, wakabishana.

Mhina akasema wajumbe watatu watoke pamoja, kila mmoja na hospitali yake, asimngoje mwenziwe. Akaliandika hilo. Ila alitaka atakayerudi kwanza asikilizwe, wengine waachwe huko huko.

Mwajabu akakataa. Akasema wa kwanza kurudi ana mbio tu, si lazima awe na habari njema. Wangojwe wote watatu, ndipo majibu yasomwe. Akaliandika hilo. Ila hakutaka kuweka kikomo. Mjumbe akichelewa angojwe, hata mvi zituote.

Sempombe hakubishana. Yeye alipewa kuijaribu programu. Siku ya kujaribu mjumbe mmoja akakawia, na ng'ambo ya barabara wali wa nazi unanukia. Sempombe akaandika: asiyerudi ndani ya dakika tano aachwe, wasomwe waliorudi. Akaenda kula. Aliporudi ameshiba, akasahau kuliondoa agizo hilo.

Haya. Mwamvita, mke wa Mdoe, akajifungua mtoto wa kike saa nne asubuhi, na damu ikakataa kusimama. Jokofu la damu lilikuwa tupu. Muuguzi akabonyeza, wajumbe watatu wakatoka pamoja.

Wa kwanza akarudi upesi kama umbea: hatuna.

Wa pili akarudi dakika ya nne: tunayo.

Wa tatu hakurudi. Kule umeme ulikatika. Mpaka leo nazungumza nanyi, hajarudi.

Dakika ya tano ilipofika programu ikamwacha huyo, ikasoma majibu ya wawili, ikasema damu ipo hospitali ya pili. Pikipiki ikakimbia, damu ikaja, Mwamvita akapona.

Sasa Mdoe, mtu ambaye mdomo wake haujawahi kungoja ruhusa ya kichwa, akaapa mbele ya mama yake mzazi na wauguzi: aliyemwokoa mke wangu, mtoto atachukua jina lake, na mwokozi akiwa mwanamume, basi jina la mama wa huyo mwokozi. Mkewe hakuulizwa. Alikuwa na shughuli ya kutokufa.

Siku ya saba ikafika, siku ya kumnyoa mtoto. Wembe umeshachovywa majini, mbuzi yuko jikoni, mnyoaji anangoja jina litajwe ndipo aanze. Mafundi wote watatu wamekuja, wamepiga pasi.

"Bila mimi, shemeji," Mhina akamwambia Mdoe, "wajumbe wangetumwa mmoja mmoja. Kama wangeanza na yule asiyejibu, leo mngekuwa mnamnyoa yatima."

"Bila mimi," akasema Mwajabu, "programu ingesikia 'hatuna' ikafunga mlango. Ndivyo kaka Mhina alivyotaka. Muulizeni, yuko hapa."

Sempombe alikuwa anatafuna. Akameza kwanza. "Bila mimi mngekuwa bado mnamngoja wa tatu."

Mwajabu akamwambia kwamba yeye hakufanya neno, alikimbilia wali akasahau tu.

"Nilisahau, ndiyo. Wewe uliyekumbuka, ulikumbuka nini?"

Hapo Mwamvita, aliyekaa na mtoto mapajani, akauliza, "Na mwenye damu?"

Mhina akakohoa, akasema mtoa damu hajulikani jina, na tena wengi wao hufuata soda na biskuti wanazopewa baada ya kutoa.

"Na shemeji Sempombe alifuata wali," Mwamvita akasema. "Mbona yeye kaitwa?"

Mama yake Mdoe akamkumbusha mwanawe kwamba kiapo yeye mama alikisikia kwa masikio yake mwenyewe, na mtoto wa watu hanyolewi bila jina. Mdoe akafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza maishani mwake akaufunga, ungoje ruhusa ya kichwa. Mnyoaji akasema maji yanapoa.

Basi nyinyi mliosoma, nisaidieni. Yuko aliyewatuma wajumbe pamoja, lakini angemsikiliza wa kwanza. Yuko aliyesema wangojwe wote, lakini angengoja mpaka kiama. Yuko aliyeponya mtu kwa njaa yake. Na yuko yule wa soda, ambaye damu yake inatembea ndani ya Mwamvita na hata jina la kumpa mtoto hatunalo.

Je, mtoto alistahili jina la nani?