Mgeni wa Heshima

Mzee Mwadime, mwenye malori ya kokoto mjini Voi, alimwambia bintiye Mghoi kwamba kazi ya mzazi huishia kidato cha nne. Chuo kikuu ni anasa, na anayeitaka ajilipie.

"Sawa, Baba," Mghoi akajibu kwa adabu. "Ila Jumapili kuna harambee kanisani ya msichana aliyekosa karo ya chuo. Baba yake ana mali lakini amegoma kumlipia. Wanatafuta mgeni wa heshima, mtu mwenye huruma."

"Nitapewa kipaza sauti?"

"Na kiti chenye kitambaa."

Jumapili Mzee Mwadime alivaa suti, akanguruma mpaka spika zikakoroma.

"Baba gani huyo asiye na haya? Kuzaa ameweza, kusomesha hawezi? Mimi nitamlipia binti huyo mpaka ahitimu!"

Kanisa zima likapiga vigelegele. Mchungaji akaibariki ahadi papo hapo, kisha akamwita msichana mwenyewe aje ashukuru.

Mghoi akatoka kwenye kwaya, akapiga goti mbele ya mgeni wa heshima.

"Ahsante sana, mheshimiwa. Naomba tu usimtukane tena baba yangu. Ana jina lake hapa mjini."