Nani Aende Kusomea Mama wa Damu?

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, maana hukumu hii imenishinda peke yangu. Katika chuo kimoja cha Nyanda za Juu Kusini alikuwako Profesa Bupe, na chini yake watafiti watatu. Sekela alijaliwa ulimi: hata mtu mwenye hasira, alizungumza naye mpaka mtu huyo akamkaribisha chai. Lwitiko alijaliwa mkono: kipimo chake hakikuzidi wala kupungua hata tone. Andondile alijaliwa jicho, na maneno yake yalikuwa machache.

Kazi yao ilikuwa kukuza seli shina za damu. Seli hiyo ni mama wa damu. Hukaa ndani ya mifupa yetu, na damu yote tuliyo nayo huizaa yeye. Profesa Bupe aliamini kwamba wakiweza kumkuza maabarani, siku moja watamwokoa mtoto ambaye damu yake imeugua. Alijaribu mwaka mzima, akashindwa. Baadhi ya wenzake wakawa wanasema angefuga kuku ingemfaa zaidi.

Kwanza, damu yenyewe ilikuwa haba. Seli hizo hupatikana katika damu inayobaki kwenye kondo la nyuma mtoto akishazaliwa, na kule kondo huzikwa mgombani, nyumbani, na bibi wa mtoto. Wazazi walikubali, mabibi wakakataa. Sekela hakubishana nao. Alikaa nao kwenye benchi la wodi, akawauliza kondo huzikwa vipi, kisha akaahidi kuchukua damu tu na kulirudisha kondo mikononi mwa bibi kabla jua halijatua. Mara mbili bibi alikuwa ameshaondoka, naye Sekela akalibeba kwa miguu mpaka kijijini. Mabibi wakaambizana, na damu ikaja.

Damu ikaja, chakula kikakosekana. Maji ya kulishia seli yaliagizwa ng'ambo, yakafika yameharibiwa na joto la njiani. Lwitiko akasema atayachanganya mwenyewe. Alichanganya akamwaga, akachanganya akamwaga, mara thelathini na nane. Profesa Bupe alimsihi apumzike, naye akajibu kwamba atapumzika zikishiba. Mara ya thelathini na tisa seli zilikula, zikaanza kugawanyika.

Lakini kila ilipofika siku ya nne ziliacha umama wao, zikawa damu ya kawaida isiyozaa tena. Andondile alikuwa ameandika kwenye daftari kila mara kabati la seli lilipofunguliwa. Alimwendea Profesa Bupe akiwa ameinamisha macho.

"Samahani, Profesa. Kwetu mzazi akiwa ndani, wageni huishia barazani. Huyu wetu tunamfungulia mlango mara kumi na moja kwa siku."

Profesa Bupe alisoma daftari, uso ukamwiva. Aliyelifungua mara nyingi zaidi alikuwa yeye. Kila asubuhi alifungua kabati akawaamkia wanawe, na kila mgeni wa chuo alimwonyesha. Seli zilizozoea hewa kidogo ya ndani ya mfupa zilikuwa zikipigwa na upepo wa salamu zake. Andondile akatia kufuli, ufunguo akauweka mfukoni, na profesa mwenyewe akarudishwa mlangoni kama jirani mdaku. Siku ya kumi walipofungua, palipokuwa na seli moja sasa palikuwa na ishirini, na zote bado mama. Profesa Bupe alikaa kwenye kigoda, akalia, hakujificha.

Ndipo ikaja barua kutoka chuo kikubwa cha ng'ambo. Walikuwa na nafasi ya uzamivu, miaka minne, kwa yule aliyezikuza seli hizo. Nafasi ilikuwa moja. Profesa Bupe aliomba tatu, wakajibu moja, na jina liwafike kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Mikataba ya wote watatu ilikuwa inaisha mwezi huo. Aliwaita, akawasomea.

"Bila mimi mngekuza maji," Sekela alisema.

"Na bila mimi, dada, ungezika na seli pamoja na kondo," Lwitiko akamjibu. Kisha akamgeukia Andondile. "Wewe mwenzetu kazi yako ilikuwa kufunga mlango."

"Ndiyo," alisema Andondile. "Mlango uliowashinda kuufunga tangu mlipoanza."

Wakacheka wote. Profesa Bupe akamuuliza kila mmoja kama angempisha mwenzake. Kila mmoja alimtazama usoni, akasema hapana. Naye moyo ukamjaa fahari, kwa kuwa hakuwalea ili waombe radhi kwa kazi yao.

Ijumaa asubuhi aliandika barua tatu, moja kwa kila jina. Katika kila moja aliandika, "Bila huyu tusingefika," na hakuna iliyokuwa na uongo. Saa tano na nusu zilikuwa bado mezani, na bahasha ilikuwa moja.

Basi semeni ninyi mlionisikiliza, na mseme na sababu: angetia barua ipi?