Maneno Yaliyofagiwa

"Na maneno ya mashahidi wangu umeyaweka wapi, mwanangu?"

Swali hilo liliulizwa mchana mmoja wa ukungu, huko mlimani Uchagani. Aliyeulizwa alikuwa binti msomi wa sheria, mtafiti. Alikuwa ameilisha kompyuta mafaili elfu nane ya kesi za ardhi, hata ikajifunza kutabiri nani atashinda. Ofisi ya msaada wa kisheria ikawa inampa wakili mtu yule tu ambaye mashine imemkubali.

Aliyeuliza alikuwa mjane. Shemeji yake alimtaka atoke kihambani, shamba la nyumbani kwake, kabla kahawa haijachumwa.

"Mashine inasema huna ushahidi, mama."

"Imenijulia wapi hiyo? Hata chai hatujawahi kunywa pamoja!"

Binti akacheka, kisha kicheko kikamkauka. Ukungu ulikuwa unaingia dirishani polepole, ukatanda juu ya kioo cha kompyuta, na machoni pake kurasa zikawa kama zinaelea. Kurasani mlikuwa na mapengo meupe. Ndani ya kila pengo akaona kama mzee amesimama, ameshika jani la sale, ule mmea wa kupandwa mipakani, midomo inacheza, sauti haitoki.

Jamani, mapengo yale yalitoka wapi?

Yalitoka mkononi mwake. Wazee wanne, mashahidi wa mjane, walikuwa wameliambia baraza la ardhi nani alipanda masale ya mpaka wa kihamba chake, na kwamba aliyapandia nani. Walisema kwa Kichaga, karani akaandika vilevile walivyosema. Mashine haikuijua lugha hiyo, basi binti alipokuwa akisafisha mafaili aliyafuta maneno yao yote. Aliyaita takataka. Na Kichaga ndicho alichobembelezwa nacho mgongoni mwa mama yake!

Akaizima kompyuta. Akavuta kiti.

"Nieleze upya, mama. Kwa lugha yetu."

Mjane akaeleza, binti akaandika kwa kalamu, na karatasi ile akaipeleka mwenyewe kwa wakili.

Sasa msiitazame mashine kwa jicho baya, ndugu zangu. Mashine ilisoma ilichoachiwa. Sisi je? Ni mara ngapi tumemfutia mtu maneno yake, halafu tukamtangaza kwamba hana la kusema? Tumefanya hivyo barazani, tumefanya mezani kwetu, na humu ndani ya nyumba ya ibada tumefanya, tena baada ya kusema amina!

Nakuomba jambo moja. Ukifika nyumbani leo, kaa na yule unayemkatiza kila siku. Msikilize mpaka amalize.